Kuku wa Octavian

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata Octavian, mtoto wa mama yangu mkubwa Febronia, pale kijijini Namawala, na mengi kati yake niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa asubuhi njema ya Januari, mwaka juzi. Mvua ilikuwa imenyesha kisha ikanyamaza, na majaruba ya mpunga yalikuwa yametulia, yamejaa maji na mawingu. Octavian alikuwa akilima kwa pawatila ya kukodi, trekta dogo la kusukuma kwa mikono, huku akiimba, matope yamempanda hadi magotini. Saa nne hivi mashine ilipanda tuta, ikayumba, ikamlalia. Waliokuwa jaruba la jirani walisema hawakumsikia akipiga kelele. Walichosikia ni mfupa.

Paja la kulia lilikuwa limevunjika katikati. Tulimfikisha hospitali mjini Ifakara, akalazwa chali, na mguu ukavutwa kwa kamba yenye uzito ulioning'inia nje ya kitanda, ili vipande vya mfupa visipandane wakati akingoja zamu ya upasuaji. Siku kumi na moja alikaa hivyo. Hakuweza kugeuka, hakuweza kuketi. Mimi, ninayeishi mjini, nilikuwa nikimtembelea kila jioni nitokapo kazini. Mama mkubwa alikuwa akishinda naye.

"Dionisi, mdogo wangu," Octavian aliniambia siku ya sita, "unaniona nilivyofungwa? Kama kuku wa mnadani."

Tulicheka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Mama mkubwa alikuwa akimmenyea chungwa. Kisu kilisimama. Hakucheka.

Siku ya kumi na mbili alipasuliwa. Daktari Telesphory alitueleza kwa upole, akituonyesha kwenye picha ya eksirei: chuma kirefu, chembamba kuliko kidole, kilikuwa kimepitishwa ndani ya mfupa, mahali penye uboho, kikakazwa kwa skrubu mbili juu na mbili chini. Baada ya siku chache Octavian alisimama kwa magongo. Baada ya miezi mitatu aliyatupa magongo, akarudi hospitali kukaguliwa. Huko wana desturi yao: mgonjwa wa paja huchuchumaa, akapigwa picha, kwa kuwa awezaye kuchuchumaa amepona.

"Chuchumaa vizuri, kaka, kama unapandikiza mpunga," muuguzi alimwambia. "Na ucheke basi, umenunia nani?"

"Nikifa msinizike," Octavian akajibu kutoka chini. "Nipelekeni kwa wanunua vyuma chakavu, mama apate hela ya sukari."

Katika picha ile anacheka hadi macho yamefumba. Ninayo hadi leo.

Alivuna mpunga wake mwezi wa sita kwa miguu yake miwili, wala hakuna aliyekumbuka tena habari ya mguu. Ndipo mwezi wa kumi akapata kazi Mlimba. Nilimsindikiza stesheni ya Ifakara, begi lake mkononi mwangu. Treni ikafika. Akaweka mguu wa kushoto kwenye ngazi. Wa kulia ukabaki chini.

"Panda basi, kaka, treni inaondoka."

"Mguu umekataa."

Nilidhani ni mzaha wake wa siku zote, hadi nilipoliona jasho. Abiria wakampita, mmoja akamsonya. Treni ikaondoka, naye akabaki ameshika hewa.

"Kuna anayekivuta hiki chuma," aliniambia kwa sauti ya chini. "Anakivuta kwa ndani, kurudi Namawala."

Siku hiyohiyo tulikwenda hospitali. Picha ilikuwa safi: chuma kimetulia, mfupa umeunga. Daktari alisema huenda ni hofu, naye alisema kweli kwa kadiri ya alichokiona. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya mwisho ya Octavian kufika mjini kwa miezi mingi.

Mwezi wa kumi na moja mguu ulimkatalia katikati ya barabara ya Ifakara. Krismasi hakuweza kufika kanisani. Mwezi wa kwanza hakuweza kupita mashine ya kukoboa. Mwezi wa pili hakuweza kufika kwenye jaruba lake mwenyewe, hatua mia mbili kutoka mlangoni. Nilikuwa nikienda kila Jumamosi, na kila Jumamosi niliikuta dunia yake imepungua.

Tena alikuwa ameanza kuizunguka nyumba. Sisi tunazungumza naye uani, yeye anainuka katikati ya neno, anazunguka, anarudi, anaketi, anamalizia neno lake. Siku zote alizunguka kuelekea mkono wa kulia. Nyayo zake zilikuwa zimechimba kijia kuizunguka nyumba. Na ndani ya kijia hicho, karibu zaidi na ukuta, kulikuwa na kijia kingine kipya.

Tulijaribu kumtoa kwa nguvu. Tulimpakia kwenye bajaji, vijana wawili wamemshika mabega, mimi nimelishika paja. Tulipovuka ua, alipiga yowe. Chini ya kiganja changu, juu kidogo ya goti, kitu chembamba kilikuwa kinainuka. Kilikuwa kinaisukuma ngozi kutoka ndani, kikielekea tulikotoka.

"Rudisha!" nilimwambia dereva. "Rudisha bajaji!"

Tulipoingia tena uani, kikashuka.

Aprili ikafika na maji yake. Mto Kilombero uliacha kingo, ukaingia mashambani, ukaingia vichochoroni. Majirani walihamisha magodoro na mbuzi wao hadi shuleni, kwenye mwinuko. Mimi nilifika Jumamosi saa tatu asubuhi, maji yakiwa magotini. Wakati huo Octavian hakuweza tena kutoka chumbani. Alikuwa na hatua tatu tu, kutoka kitanda hadi ukuta. Alikuwa akizizunguka.

Maji yakavuka kizingiti.

"Nendeni," alisema bila kusimama. "Mama, nenda. Dionisi, mchukue mama."

Mama mkubwa hakwenda. Aliketi palepale sakafuni, katika maji, kanga ikaelea kumzunguka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayeungama:

"Nilimfungia kuku."

Niliinama ili nisikie.

"Siku ile ya tano hospitalini. Nilimwona mwanangu amening'inizwa mguu, nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa Bibi Aurelia, yule fundi wa mifupa wa mabondeni. Akachukua mtetea, akamwita jina la Octavian. Akamvunja paja la kulia. Akamfunga kwa vijiti vya mwanzi na kitambaa nilichochana kwenye shati la mwanangu. Mguu wa kushoto, ulio mzima, akautia kamba, akaifunga kwenye kigingi. Akasema maneno yake."

"Maneno gani?"

"*Akisimama kuku, naye asimame, akitembea kuku, naye atembee.* Kisha akaniambia: siku mwanao atakapotembea, urudi umfungue kuku kwa mkono wako. Wako, si wa mwingine."

"Ukarudi?"

Aliyatazama maji.

"Walikuwa wameshamtia chuma. Nikaona haya. Nikasema, kuku wa nini tena, si amepona? Nilipokutana na Bibi Aurelia sokoni, niligeuza uso."

Octavian alipita mbele yetu, akazunguka. Hatua tatu zilikuwa zimebaki mbili.

Tulitoka mbio, mimi na mama mkubwa, nikimwacha kaka yangu na maji yanayopanda. Sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule. Maji yalikuwa mapajani. Mama mkubwa alianguka mara mbili, mara zote mbili akainuka. Tulifika saa sita. Nyumba ya Bibi Aurelia ilikuwa peke yake juu ya kichuguu kikubwa, maji yameizunguka pande zote. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Chini ya kichuguu, jirani aitwaye Sada alikuwa akipakia vyombo kwenye mtumbwi.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkubwa. "Mnatafuta nini huku na mafuriko haya?"

"Marahaba, mwanangu. Tunamtaka Bibi Aurelia."

"Bibi Aurelia? Tulimzika mwezi wa kumi."

Mwezi wa kumi. Nililiona tena begi la Octavian mkononi mwangu, na treni ikiondoka.

"Alikuwa na kuku," nilisema.

"Yule wa kamba?" Sada alicheka kidogo. "Kuku akifungwa huzunguka kigingi, kamba inajizungusha, inafupika. Kila asubuhi bibi alikuwa anamzungusha kinyume, kamba irudi urefu wake. Nikamwambia, bibi, si umfungue tu, unajisumbua nini? Akasema, mwenyewe atakuja."

"Na sasa nani anamrefushia kamba?"

Kicheko kilimtoka usoni.

"Kaka, mlango ule haujafunguliwa tangu msiba."

Tulipanda. Nikaikata kamba ya katani. Ndani palikuwa pakavu, na harufu ya majivu. Katikati ya chumba kulikuwa na tenga, limepinduliwa mdomo chini.

Mama mkubwa aliliinua.

Kuku alikuwa amekufa zamani. Manyoya yalikuwa yamepukutika, nyama ilikuwa imekwisha. Ilibaki mifupa, myeupe, mikavu. Mifupa ile ilikuwa imesimama. Ilikuwa imefungwa kwenye kigingi, na kamba ilikuwa imezungushwa, mzunguko juu ya mzunguko. Ilibaki shibiri moja.

Kisha nikaitazama sakafu. Vumbini kulikuwa na nyayo za kuku. Duara ndani ya duara. Zile za nje zilikuwa zimefifia. Za ndani zilikuwa mbichi.

Zilikuwa na maji.

Kamba ikalia. Ikajivuta. Mzunguko mmoja zaidi.

"Fungua," nilinong'ona. "Mama mkubwa, fungua."

Fundo lilikuwa gumu. Alipiga magoti, akaliuma. Nilimsikia akisema kwa meno yaliyoumana, "Nisamehe, bibi. Nimekuja. Nimekuja."

Fundo likaachia. Mifupa ikaanguka yote kwa pamoja, kama vijiti.

Mfupa wa paja la kulia ulikuwa umepasuka kwa urefu. Ndani yake kitu kiling'aa. Niliuokota, nikaupeleka mlangoni penye mwanga. Ulikuwa na chuma. Chuma chembamba kama sindano, kilichonyooka, kimekazwa kwa skrubu mbili juu na mbili chini, kila moja ndogo kama chenga ya mchele. Nilikijua. Nilikuwa nimekiona kwenye picha.

"Usikiache kwenye maji," mama mkubwa alisema.

Nilikuwa na kiberiti katika mfuko wa shati. Nikamwaga njiti, nikautia mfupa ule ndani.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imejaa maji hadi madirishani. Kitanda kilikuwa kinaelea. Octavian hakuwamo. Mama mkubwa alianza kulia kilio cha msiba, nami sikumnyamazisha. Tulilia hadi shuleni. Octavian alikuwa amesimama barazani, anatafuna hindi la kuchoma.

"Mmepotelea wapi?" alisema. "Saa sita hivi mguu umelegea, nikatembea zangu."

Maji yalipopungua nilimpeleka hospitali. Daktari Telesphory aliitazama picha mpya muda mrefu. Akaitoa, akatazama jina, akairudisha. Mfupa ulikuwa mzima. Ulikuwa na matundu manne ya skrubu. Chuma hakikuwamo.

"Aliyekitoa ni nani?" aliuliza.

Akalikagua paja. Kulikuwa na makovu ya zamani tu. Alimtazama mama mkubwa, akanitazama mimi. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu.

Octavian sasa yuko Mlimba, anafanya kazi, anapanda treni atakavyo. Kiberiti nilibaki nacho mimi. Nilifikiri kukizika, kisha nikajiuliza, nikikizika, nani atakuwa amezikwa? Kukitupa mtoni sithubutu. Kukichoma sithubutu. Siku ya kwanza baada ya yeye kwenda Mlimba, nikiogopa kisije kikafunguka na mfupa ukapotea, nilikizungushia uzi. Sikuwa nimemaliza kuufunga simu ilipolia.

"Dionisi," sauti ya Octavian ilisema, polepole. "Nimesimama mlangoni kwangu. Mguu umekataa."

Niliukata uzi kwa meno. Nilimsikia akishusha pumzi.

Tangu siku hiyo mfupa umewekwa wazi, katika kisahani juu ya meza yangu, bila kifuniko, bila uzi, bila kitu cha kuugusa. Sasa mimi ndiye nisiyesafiri. Nimealikwa arusi Morogoro, sikwenda. Nimepata uhamisho wa kazi, nimeukataa. Mlango naufunga kwa ufunguo, mtoto wa watu asije akauchezea.

Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kukoboa mpunga, na vumbi la pumba huingia dirishani mchana kutwa. Kila asubuhi meza yangu huwa na utando mwembamba. Kwa wiki mbili sasa, katika utando huo, nakuta nyayo ndogo za vidole vitatu. Zinakizunguka kisahani, kuelekea mkono wa kulia, kama Octavian alivyoizunguka nyumba.

Leo nimelipima duara kwa rula. Ni dogo kuliko la jana.