Watatu Kwenye Ukungu wa Lupembe

Nyayo ziliishia kwenye maji.

Letisia alichuchumaa, akabana pumzi. Nyuma yake ulikuwa msitu wa Lupembe, alioutembea tangu alfajiri bila kukaa. Mbele yake kilikuwa kinamasi. Juu ya kinamasi ulilala ukungu mzito, na ndani ya ukungu hakulia hata chura.

Watu watatu walikuwa wameingia humo.

Redio ya Motorola ilikwaruza sikioni.

"Kiazi, Kiazi, hapa Jiko."

"Kiazi nakusikia."

"Uko wapi, mdogo wangu?" Ilikuwa sauti ya Konsolata, mkuu wake, aliyekuwa Makambako.

"Ukingoni. Wameingia kinamasini. Siwaoni."

"Droni haiwezi kuruka. Askari wako mbali. Wakitokea upande wa pili tumewapoteza. Baruti wanazo, na hatujui watalipua daraja lipi la reli."

"Zuieni treni."

"Tukizuia leo watalipua kesho. Treni ya jioni imejaa watu, Letisia."

"Na Mzee Marcelino?"



"Simu yake imezimwa tangu asubuhi."

Mzee Marcelino alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Maadui wawili, mgeni aliyejiita Kapteni na kibaraka wake Remmy, walimkodi awaonyeshe njia ya porini. Hawakujua kwamba mzee huyo alikuwa akiipa Idara ya Usalama habari zao zote.

Labda sasa walijua.

Letisia alichomoa bastola yake, Glock 19, akaingia majini.

Maji yalikuwa ya baridi kali. Zamani bonde hili lilikuwa vinyungu, mashamba ya bondeni, na matuta ya zamani bado yalikuwapo chini ya maji. Alipapasa kwa mguu mpaka akapata tuta. Akalifuata. Kushoto kulikuwa na nyasi fupi za kijani, nzuri kama zulia. Alichoma fimbo yake pale. Fimbo ilizama yote.

Akaendelea.

Kofia ya sufu ilielea mbele yake. Kofia ya mzee.

Letisia hakuigusa.

PAA!

Alijitupa majini. Wamemuua, aliwaza. Wamemmaliza.

Kisha mtu akapiga kelele kwenye ukungu.

"Nimepigwa! Bosi, nimepigwa! Mgongo wote umelowa damu!"

"Nyamaza, Remmy! Siyo damu. Ni pombe hii, inanuka."

Harufu ilimfikia Letisia. Tamu, yenye uchachu.

Ulanzi!

Letisia nusura acheke. Ulanzi haufungwi ukakazwa. Unachemka wenyewe usiku na mchana, na kila mtu wa Njombe anayeubeba kwenye chupa hulegeza kifuniko au hukitoboa kwa msumari. Ukiukaza na kuutikisa mgongoni nusu siku, chupa inapasuka kama bunduki. Hilo mgema hasahau.

Mzee hakusahau. Kwa mlio huo alikuwa akimwita Letisia.

"Mzee, wewe ndiye uliyefunga chupa hii!" Remmy alifoka.

"Nisamehe, mwanangu. Niliogopa itamwagikia mkate wako."

"Unatuchezea, siyo?"

Bastola ilikokiwa. Letisia aliisikia vizuri. Akaharakisha, mguu mmoja baada ya mwingine, juu ya tuta.

"Mmalize," alisema Kapteni. "GPS inatosha."

"Haya, mzee. Sali."

"Kamwene!" Marcelino aliita kwa nguvu, kama mtu anayesalimia jirani shambani.

"Unamsalimia nani huku, kichaa wewe?"

"Mwenye shamba."

Remmy alicheka. Kicheko kilikatika pale chuma baridi kilipomgusa kisogoni.

"Kamwene," Letisia alijibu. "Iachie hiyo."

Bastola ya Remmy ilidondoka majini. Marcelino alimpiga ngwara, akamlaza kifudifudi kwenye tope, akamkalia.

Kapteni alikuwa mwepesi. Aliruka pembeni, kuelekea mahali palipoonekana pakavu.

Palikuwa na nyasi fupi za kijani.

Alizama mpaka kiunoni. Alipojitikisa alizama mpaka kifuani. Akainua mkono. Kiganjani alikuwa na kidude cheusi chenye kitufe chekundu.

"Nitalipua!" alipiga kelele. "Rudi nyuma!"

Letisia alimtazama bila kupepesa.

"Baruti ziko mgongoni mwako, Kapteni."

Tope lilitoa povu, taratibu.

"Bonyeza," Letisia alisema.

Vidole vya Kapteni vilifunguka, kidude kikaangukia nyasi. Letisia alikivuta kwa fimbo, akatoa betri.

"Utanizamisha sasa?" Kapteni aliuliza. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Usitikisike, utafika hai mahakamani." Akamtupia kamba. "Jiko, hapa Kiazi. Wote wawili ninao. Mzee ni mzima, ila hana kofia."

"Mungu mkubwa," Konsolata alisema. "Askari wanashuka. Nikuletee gari?"

"Nimelowa, dada. Nitatembea nikauke."

Jioni alifika relini, nje ya Makambako. Treni ilipita darajani polepole, madirisha yote yakiwaka taa. Mama mmoja alikuwa akimmenyea mtoto chungwa. Mwanaume alilala mdomo wazi. Mtu alitupa gunzi la hindi, likamkosa Letisia kidogo tu.

Hakuna aliyemwangalia.

Behewa la mwisho lilipopita, alifunga zipu ya koti, akavuka reli.

Akaingia mjini kutafuta chai.