Jina Lililosagwa

Jeanne alimwita binti yake mara moja tu, wakaitika wawili. Chloé aliitika kutoka chumbani, kwa uvivu wake wa miaka saba. Mwingine aliitika kutoka karakana iliyo nyuma ya nyumba yao pale Turffontein, kwa sauti kavu ya mzee: "Niko hapa."

Mumewe, Gaston, akasema ni redio. Uongo mtupu. Karakana ile haikuwa na redio.

Kazi ya Gaston ni kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi. Miaka kumi na tano hakuwahi kukosea herufi ya marehemu, na alijisifu kwa hilo mpaka akachosha watu. Wiki ile muuza vitu vya kale wa Marshalltown alimletea kisanamu cha jiwe jeusi kinachoenea kiganjani: kuhani wa Misri ya kale, kipara, amepiga magoti. Mgongoni palikuwa na mstari wa maandishi ya picha, ndege na macho. Muuzaji akaagiza mstari huo usagwe, kitu kisitambulike, atakifuata mwisho wa mwezi. Gaston alijua kuwa lile ni jina. Nani angejua kama si yeye? Akalisaga kwa mashine hadi mgongo ukawa laini, na wala hakulinakili kwanza.

Tangu hapo karakana ikanuka ubani mchana kutwa. Kila Chloé alipoitwa, yule mzee alimtangulia kuitika. Mwanzoni mtoto alicheka. Siku ya nne hakugeuka, jina likampita sikioni kama la mtoto wa jirani, mwalimu akapiga simu kuuliza mbona daftari lake halina jina, na Jeanne akamshika mashavu akamwita, akamwita tena, mtoto akimtazama tu kwa upole, huku nyuma ya ukuta mtu akiitika, akiitika, kila mara kwa sauti changa zaidi.

Wakamleta Mama Célestine, mama wa maombi kanisani kwao. Alikaa na kile kisanamu mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu hana ubaya," alinong'ona. "Ameporwa jina, anaokota lililo karibu. Mrudishieni lake."

Gaston akalia mbele ya wanawake bila haya.

"Silijui, mama. Nimelifanya unga."

Akashika patasi, akatafuta jina lisilo na kazi. Tangu Chloé azaliwe, mkewe humwita Papa Chloé; kanisani Papa Chloé; wateja humwita fundi. Basi akachonga la ubatizo wake mgongoni mwa kuhani: GASTON. Vumbi halijatua, Jeanne akamwita mtoto, naye akageuka. Ubani ukakatika. Siku hiyo walikula wakicheka.

Jumapili simu ikalia Gaston akiwa karakanani. Alikuwa mama yake, kutoka Lubumbashi, kikongwe asiyeona, mtu pekee aliyebaki kumwita kwa jina lile.

"Gaston, mwanangu, ni wewe?"

Akafungua kinywa. Ulimi haukunyanyuka.

"Ni mimi, mama," kikaitika kisanamu rafuni, kwa sauti ya Gaston hasa.

Bibi akacheka kwa furaha, akaanza kusimulia habari za nyumbani moja moja. Gaston akabaki ameshika simu, akimsikiliza mama yake akizungumza na mwanawe.