Upande wa Juu wa Uwanja

Haya yalimpata rafiki yangu Redempta wa Kirua Vunjo, mwaka wa tisini na sita, baada ya kumzika mama yake na kubaki peke yake na ng'ombe mmoja. Mchana wa ukungu mwepesi alikuwa akirudi na mzigo wa majani kichwani. Kwenye uwanja wa mteremko akakuta helikopta iliyokuja kumchukua mgonjwa, mapanga yake yakizunguka.

Akashika njia ya juu, aliyoizoea. Mwokoaji mmoja akamkimbilia, akampigia kelele sikioni.

"Wee dada! Huko juu ardhi imeinuka, mapanga yatakukuta shingoni. Shingo haziuzwi sokoni! Tua mzigo, zunguka chini, pita mbele rubani akuone."

Redempta akatua mzigo. Ndipo, katikati ya ngurumo ile, akasikia sauti ya mama yake, taratibu kama ya jikoni: "Rede, njoo huku." Ilitoka upande wa juu. Tangu mazishi hakuna aliyemwita hivyo. Akapiga hatua mbili. Mwokoaji akamdaka mkono, akamshikilia mpaka helikopta ikapaa na kimya kikarudi.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mama aliniita."

Mwokoaji akautazama mteremko mtupu.

"Kumbe yule mwanamke wa kule juu ni mama yako," akasema polepole. "Mapanga yalikuwa yakimpita shingoni, naye anakupungia mkono."