Samaki wa Mama Emérence

Siku ya Ijumaa kituo cha mabasi cha Columbus hakina adabu. Watu wanakanyagana, watoto wanalia, na ukiweka mzigo chini lazima mtu aurukie. Germana, gauni la kitenge cha manjano chini ya koti la jinzi, alikuwa amemsindikiza rafiki yake wa chuo. Alipogeuka kuondoka akajikwaa kwenye begi kubwa jeusi, na harufu ya samaki wakavu ikamjaa puani.

Mwenye begi alikuwa kwenye simu, anaongea Kiswahili cha haraka chenye Kifaransa ndani. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikononi.

"Kaka, unasafiri na ziwa zima?" Germana akamuuliza.

Akakata simu palepale. "Pole, dada. Ni ndagala za mama. Minatoka Louisville, niko naenda ku Buffalo. Anasema za kule haziko muzuri."

"Ndagala! Kwetu Bukoba tunaita dagaa."

"Bon, ita ginsi unataka. Lakini kuzipika, sisi njo tunajua."

Ubishi ule ulinoga hadi basi la Buffalo likawasha injini, na kijana yule, Hyacinthe Bulonza, akalikimbilia akiwa na namba ya Germana mkononi, imeandikwa kwa wino kwa sababu simu yake ilikuwa imeishiwa chaji katikati ya ubishi. Jumapili jioni, basi la kurudi liliposimama Columbus, alimkuta anamsubiri.

Mambo yakawa hayo. Hyacinthe alipakia mizigo kwenye ghala la vifurushi kule Louisville. Mama yake, Mama Emérence, aliishi Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwa Masumbuko, kaka mkubwa wa Hyacinthe. Kila alipokwenda kumwona alipita Columbus, na Germana, aliyekuwa anasomea udaktari wa mimea na kupanga chumba karibu na chuo, akawa hajui tena Ijumaa ya kukaa na vitabu.

"Chérie, umekula?" simu ingeuliza.

"Nimekula. Wewe je?"

"Miye nakulaka sauti yako."

"Basi utakufa njaa, baba."

Habari ya orka ilianzia kwenye runinga ya chumba cha mapumziko pale ghalani. Hyacinthe alimwona mle yule mnyama wa baharini, mweusi mwenye mabaka meupe, na kilichomshangaza si meno yake. Dume zima, kubwa kuliko gari, linamfuata mama yake mpaka kifo. Alimsimulia Mama Emérence, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Enda umuone huyo samaki," mama akamwambia. "Kisha uniambie kama yeye pia anaachaka mama yake Buffalo anaenda kukaa Louisville. Na usinitumie picha tu. Unipigie, uniambie kwa mudomo."

"Nitakupigia, Maman. Nikitoka tu kwa maji."

Basi Agosti ya mwaka 2015 wakasafiri mpaka pwani ya magharibi, kaskazini ya Seattle, ambako mashua huwapeleka watu asubuhi na kuwarudisha alasiri. Hyacinthe hakujua kuogelea, na maji aliyaogopa tangu utotoni Bukavu. Lakini asubuhi ile alivaa lile shati jeupe, akasimama kwenye foleni ya makoti ya mvua huku anapiga mluzi. Germana alikuwa amekaa kwenye benchi gatini simu yake ilipoita.

Alikuwa Masumbuko. "Shemeji, Hyacinthe ako karibu?"

"Yuko kwenye foleni. Nimwite?"

"Hapana! Usimuite. Mama ako mugonjwa kidogo, tumemupeleka ku hopitali. Usimuambie sasa, donc, anaenda kwa maji, atashituka. Mukitoka, umulete huku leo leo." Sauti ikakwama, na simu ikakatika.

Germana akakumbuka siku kama hiyo. Alipokuwa kidato cha pili, baba yake mdogo alikuja kumchukua bweni. "Baba anaumwa kidogo," alimwambia. Njiani akamnunulia soda na keki, akawa mpole kupita kiasi. Walipofika nyumbani, turubai lilikuwa tayari limefungwa uani na wanawake wamekaa kwenye mikeka. Kwao msiba hausemwi kwenye simu, wala haumwangukii mtu akiwa peke yake. Mtu anaambiwa kuna mgonjwa, analetwa mpaka katikati ya ndugu, ndipo anaambiwa. Kwa Wakongo ni vilevile, alilijua hilo. Na huyu Masumbuko alikuwa amempigia yeye, si mdogo wake. Mama Emérence amekufa, Germana akajiambia.

Hakumpigia Masumbuko kuuliza. Jambo kama hilo haliulizwi. Akabadilisha tiketi kwenye simu, akaenda kupanda mashua.

Mashua ikatoka. Upepo ulikuwa wa baridi, wenye chumvi, na Hyacinthe alishika chuma cha ukingoni kwa mikono miwili. Kisha nahodha akazima injini, na pumzi nzito ikasikika kabla hawajaona kitu. Pezi moja likapanda juu ya maji. Nyuma yake likapanda jingine, refu kama mtu, jeusi, linang'aa. Hyacinthe akasahau hofu. Akaachia chuma, akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Maman, ona! Ule wa mbele njo mama. Ule mukubwa wa nyuma ni mutoto wake. Anapanda mama, anapanda na yeye. Ona, Maman!"

Alicheka kama hajawahi kuumizwa na dunia. Germana akageuza uso, kwikwi na machozi vikamtoka bila breki.

"Chérie, unatapika?"

"Ni mawimbi tu. Rekodi, mpenzi wangu. Rekodi."

Walipokanyaga gati, mtandao ukarudi. Hyacinthe akafungua jina la mama yake, kidole tayari juu ya kitufe.

"Nimebadilisha tiketi," Germana akasema. "Tunaenda Buffalo leo. Mama anaumwa kidogo."

Kidole kikasimama. Aliyaangalia macho mekundu ya Germana, akaangalia simu, kisha akairudisha mfukoni polepole. Ndani ya ndege alijifunika koti usoni, mabega yakawa yanatikisika, na Germana akamshika mkono mpaka wanatua.

Kulikuwa kumeshakucha walipofika Black Rock. Mlangoni alisimama Chimène, dada yao, kitenge kimefungwa kiunoni, macho yamevimba.

"Ameenda saa hii tu, njo tunatoka ku hopitali," akasema. "Hyacinthe, jana yote alikuwa anakuuliza! Alikuwa na simu pale kifuani. 'Ameshaona samaki? Juu ya nini hapigi?' Mpaka akashindwa kusema."

Hyacinthe akashika mwimo wa mlango. "Alikuwa muzima? Jana?"

"Alikuwa anaongea, ndugu yangu. Tulifikiri ungali kwa maji."

Masumbuko akatokea nyuma ya Chimène, analia. "Shemeji, nilikuambia mugonjwa. Nilisema mugonjwa!"

Hyacinthe akamgeukia Germana mbele ya watu wote. "Wewe ulijua tangu jana asubuhi. Ukaniacha nacheka."

"Nilidhani amekwisha kufa. Hyacinthe, nilidhani wananificha..."

"Usiniguse."

Germana alizika na wenzake, akakaa nyuma kabisa kanisani, akarudi Columbus peke yake. Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika, haikujibiwa. Majani yakapukutika, theluji ikaanza, na kila Ijumaa alihisi harufu ya ndagala hata pasipo na kitu. Alimpenda yule mtu na alikuwa amemnyima kitu kisichorudi. Hakujua aombe msamaha kwa nani.

Simu ya Hyacinthe ikaja Desemba. "Niko ku stesheni. Basi ya Buffalo inangoja saa moja nzima."

Alimkuta kwenye benchi, amekonda, shati halijapigwa pasi. Hyacinthe alimpa simu, akabonyeza ile video. Mapezi yalipanda na kuzama. Nyuma ya kicheko chake mwenyewe, kilio cha Germana kilisikika wazi.

"Niliisikia juzi tu," akasema. "Nilikuwa naogopaka kuifungua. Bon. Germana, simu ilikuwa ku mukono yangu. Ulisema mugonjwa kidogo, na miye pia nikajua amekufa. Ningebonyeza tu, angepokea. Wewe hukunikataza. Nilikulaumu ju ya kushindwa kujilaumu."

Germana akalia. Hyacinthe hakulia.

"Twende wote," Hyacinthe akasema. "Sijamuambia bado habari ya wale samaki. Kila nikifika pale, mudomo inafunga. Unisaidie."

Makaburi yako Kenmore, kaskazini ya mji. Theluji ilikuwa imefunika jina, Germana akaifuta kwa kiganja, akapiga magoti na gauni lake zuri.

"Mama," akaanza, "ni Germana. Tuliwaona. Mama mtu alikuwa mbele, na mwanawe mkubwa nyuma yake, upande wa kushoto..."

"Kuume," Hyacinthe akasema.

Hyacinthe akapiga magoti kando yake, akavua glavu, akaweka mkono juu ya jiwe.

"Alikuwa kuume, Maman. Na hakumuacha hata kidogo. Niko hapa, Maman, nimetoka kwa maji. Sikia, nakuambia yote."

Germana akasogea kando kidogo, mama na mwanawe wapate kukaa karibu.