Lori la Katikati

"Dakika sita," alisema Elius kwenye simu, pumzi juu. "Malori matatu, rangi moja, yako karibu kuondoka mizani. Niko peke yangu na bastola moja ya Glock, nitashika moja tu. Lipi?"

Hulda alikuwa ameikodolea macho skrini ya inchi ishirini na saba.

Ukungu mtupu.

Kamera aliyoificha Elius kwenye mizani ya Makambako haikuwa na kasoro. Lakini programu yake ilituma picha kulingana na uwezo wa skrini, na skrini hii ilikuwa imegoma kwenye 800 kwa 600. Laptop yenyewe ilipasuka kioo jana, Hulda alipoanguka na pikipiki kijijini Yakobi akimfukuza mgeni anayejiita Profesa. Sasa alitegemea doki, kisanduku cha kuunganishia skrini, na skrini ya ofisi ya ushirika wa maparachichi, Njombe mjini, ambako kwa miezi mitatu alijifanya karani.

Lori moja lilibeba mbegu za viazi ambazo Profesa alizitia ugonjwa kwa makusudi. Lakiri ya mlango wake ilikuwa namba 4471. Mbegu zile zikifika Wanging'ombe, mashamba yamekwisha. Mama mzazi wa Hulda alishajiandikishia mifuko minne.

"Dakika tatu, Hulda!"

Akabadilisha kebo. Wapi! Akachomoa doki, akachomeka upya. Wapi! Akafungua mipangilio. Orodha ya resolusheni, yaani vipimo vya picha, iliishia palepale, utadhani kuna kitu kizee kimeunganishwa.

Kitu kizee?

Nyuma yake Mama Elina, katibu muhtasi, alikuwa bado anauimba chinichini wimbo wa sala ya asubuhi. Saa moja iliyopita maneno ya wimbo huo yalikuwa ukutani.

"Mama, projekta uliizima?"

"Nimeifunika jicho tu, mwanangu. Kuiwasha inanisumbua, na jioni tunasali tena."

Hulda akaufuata waya kutoka kwenye doki hadi nyuma ya pazia. Projekta kuukuu ilikuwa bado inaunguruma. Laptop ilikuwa inatuma picha ileile kote kuwili, kwa kipimo cha ile dhaifu.

Akaung'oa waya.

Skrini ikawa nyeusi. Sekunde moja. Mbili. Hulda aliogopa kweli.

2560 kwa 1440. Picha ikasafika, na kwenye mlango wa lori moja akaisoma lakiri: 4471.

"La katikati! Shika!"

Kwenye simu breki zililia, mlango ukagongwa, mtu akatukana kwa lugha ya kigeni.

"Profesa yuko chini," alisema Elius. "Mifuko yote ipo."

Hulda alivaa koti, akatoka nje kwenye baridi, akapiga namba nyingine.

"Kamwene, mama. Zile mbegu haziji. Lori limekwama Makambako."

"Jamani! Mkosi gani huu?"

"Ndiyo hivyo, mama. Pole," alisema Hulda, akaipiga teke pikipiki ikawaka.