Mwenye Nyumba wa Chini

Magharibi ile nilishuka ngazi na spana mkononi, naenda kumtengenezea Sainimere koki ya jikoni. Ilikuwa inavuja tangu Jumatatu. Lakini koki ilikuwa kisingizio. Kooni nilikuwa na neno moja, na neno lenyewe lilikuwa: hama.

Nyumba yangu iko Labasa, mji wa miwa wa visiwani kwetu, imesimama juu ya nguzo kama nyumba nyingi za huku kwetu. Mimi, Bisun Deo, nakaa juu. Chini niliziba kwa matofali, nikapata vyumba viwili na jiko. Sainimere na mama yake walipanga humo miaka kumi na mmoja. Sasa mwanangu Pravin alikuwa anarudi kutoka Brisbane na mkewe, na alitaka kukaa pale chini.

Jambo dogo tu. Wenye nyumba hulifanya kila siku. Unaandika karatasi, unampa mtu muda wake, yanaisha.

Ila Sainimere ndiye aliyemwogesha mke wangu miezi mitano, saratani ilipomlaza mpaka ikamchukua. Hakuna aliyemwomba.

"Ingia, mzee, ingia na hayo matope yako," alinitania. "Sakafu si yako?"

Mama yake, Bibi Akanisi, alikuwa mkekani karibu na mlango. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni zaidi ya mwanga na kivuli. Akanusa hewa.

"Bisun huyo. Tumbaku yake hutangulia, mwenyewe hufuata."

Tulicheka wote watatu. Nikabadilisha mpira wa koki. Nikapewa muhogo na samaki wa tui, nikala. Nikaaga.

Neno likabaki kooni.

Kesho yake nilipanda basi hadi Bulileka, kwa mtu anayeitwa Jhinku. Zamani alikuwa mkata miwa. Siku hizi watu humwendea mchana na kumkana jioni. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha bati, nyuma yake shamba la miwa limetoka kuchomwa, majivu yanaanguka mabegani mwake na wala hayapangusi.

"Unataka nini?"

"Kuna watu nataka watoke kwenye chumba. Wasidhurike. Watoke tu."

"Nani anataka watoke?"

Niliona aibu. Kutaja jina langu mbele ya jambo lile... ulimi ulikataa.

"Mwenye nyumba," nikasema.

"Mwenye nyumba hana jina?"

"Wewe sema mwenye nyumba. Inatosha."

Alicheka kwa mabega tu, mdomo ameufumba.

"Haya. Mwenye nyumba."

Alinipa kifurushi cha kitambaa cheusi, kidogo kama limau, kizito kama jiwe la kusagia. Nikizike chini ya kizingiti chao jua likizama. Nisigeuke nyuma.

Nilikizika jioni ileile. Sainimere alikuwa hajarudi kutoka kazini, anafua mashuka hospitalini. Mama yake alikuwa peke yake ndani, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti nyembamba. Nilifukia, nikakanyaga udongo, nikapanda ngazi bila kugeuka.

Nilipofika juu, wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

"Bisun?" nilimsikia akiuliza chini. "Mbona umekaa kimya?"

Mlango wangu nilikuwa nimeshaufunga.

Siku zilizofuata nilianza kusikia vitu. Kiti kinaburutwa chini yangu mchana, Sainimere akiwa kazini. Mtu anakohoa. Kikohozi kizito, cha kifua cha mvuta tumbaku. Nikajiambia ni bibi. Lakini bibi hakuvuta tumbaku maisha yake yote.

Siku ya nne, jua linazama, Sainimere alipanda ngazi. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mkono umeshika nguzo.

"Mzee, ulishuka kwetu leo?"

"Hapana."

"Jana?"

"Hapana. Kwani vipi?"

Alishusha sauti, kana kwamba kuna mtu wa kumsikia.

"Mama anasema unashinda naye. Unakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Akikusemesha hujibu, unakohoa tu. Sasa hali chakula, siku ya tatu hii. Anasema... mwenye nyumba amemkataza."

Nilijipapasa mfuko nikitafuta tumbaku.

"Uzee huo, mwanangu. Mpeleke hospitali."

"Nilidhani hivyo mimi pia." Alinitazama usoni. "Leo nimewahi kurudi. Nimekigusa kile kiti. Kilikuwa kina joto, mzee."

Ndipo aliposema maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikifumba macho.

"Kama unakihitaji chumba, ungeniambia tu. Ningehama ndani ya wiki. Mimi na wewe ni wa kufichana?"

Nilikuwa bado na nafasi ya kusema. Nilisema nina usingizi.

Walihama Jumamosi kwa pikapu ya binamu yake. Bibi Akanisi alibebwa na godoro lake, amebaki mifupa na ngozi. Nilisimama chini ya ngazi, nikajifanya kusaidia kubeba sufuria. Walipompitisha mbele yangu, sikumwona akininusa wala akinitafuta. Uso wake aliugeuzia kule nyuma, kwenye mlango wa chumba walichotoka.

"Haya, Bisun," alisema. "Tumetoka. Umefurahi?"

Chumbani hakukuwa na mtu. Hakukuwa hata na mkeka.

Mtu akakohoa.

Bibi alifariki siku ya kumi na moja tangu wahame. Nilikwenda msibani, nitafanyaje? Sainimere alinipokea kama mkubwa wa familia. Alinikalisha mkekani, akanipa bakuli la yakona, kinywaji chetu cha mizizi, kwa mikono miwili. Macho yake hayakuniacha. Nilikunywa mbele yake.

Nilichimba kizingiti. Kitambaa cheusi nilikikuta, kitupu, kimekunjwa vizuri pembe nne kama leso. Nikaenda nacho mbio Bulileka, nikamtupia Jhinku miguuni.

"Mwondoe!"

"Nimwondoe nani? Ulisema mwenye nyumba anataka watu watoke. Nikamleta mwenye nyumba. Hawakutoka?"

"Yule bibi amekufa!"

"Ametoka," alisema Jhinku.

"Basi huyo naye atoke. Sasa hivi."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu! Mimi ndiye mwenye nyumba!"

Aliinama, akaanza kupangusa majivu kwenye magoti yake.

"Siku ile," alisema taratibu, "hukusema hivyo."

Pravin na mkewe Shalini walifika wiki iliyofuata. Ningewaambia nini? Walilala chini siku mbili. Siku ya pili nilikwenda sokoni na Pravin kununua biringanya na bamia. Tuliporudi, Shalini alikuwa amesimama uani, kanga ameizungusha mwilini, anatetemeka kwa hasira.

"Baba, nakuheshimu," aliniambia. "Lakini ukitaka kuingia chumbani kwetu, piga hodi. Nimeamka nakukuta umekaa kitini unaniangalia."

Pravin alinitazama. Alikuwa na mimi asubuhi nzima, kapu letu bado limo mkononi mwake. Nikaona uso wake ukibadilika rangi polepole.

Hawakungoja hata chakula cha mchana. Sasa wako Lautoka kwa wazazi wa Shalini. Pravin akinipigia simu, anauliza habari za afya tu.

Nilifunga chini kwa kufuli kubwa. Ufunguo nikautia mfukoni, nalala nao. Mwezi mzima nilitembea humu juu miguu mitupu, polepole, kwa sababu nikikanyaga kwa kishindo, dari ya chini inagongwa. Mara tatu. Kwa ufagio, kama anavyogonga mtu aliyechoshwa na jirani.

Jana, jua linazama, pikapu ilisimama uani. Walishuka kijana na mkewe, walimu wa shule, na godoro, jiko la gesi na kabati la vyombo.

"Mnamtafuta nani?" niliuliza kutoka ngazini.

"Hatumtafuti mtu, mzee. Tunahamia." Yule kijana aliinua mkono kwa furaha. Mkononi alikuwa na ufunguo.

Niliushika wangu mfukoni. Ulikuwepo.

"Nani kawapa huo?"

"Mwenye nyumba. Jumanne katutembeza vyumba vyote. Mzee mkarimu sana... ila tumbaku hiyo!"

Mkewe alimpiga kikofi cha mgongo, wakacheka.

"Sikilizeni, wanangu. Pakieni vitu vyenu mwondoke. Mwenye nyumba ni mimi."

Kicheko kilikoma. Walitazamana. Yule binti alipanda ngazi mbili kuja kwangu, na sauti aliyotumia ndiyo tunayotumia kwa wagonjwa.

"Alitueleza, mzee. Alisema utasema hivyo, tusikukasirikie. Alisema wa juu ameshapewa muda wake, anahama Jumapili."

Alinigusa mkono kwa huruma, akashuka kumsaidia mumewe.

Nawasikia sasa hivi chini yangu. Wanapanga vyombo, wanataniana, wanacheka. Nimetega sikio kwenye mbao za sakafu nikahesabu sauti. Wanacheka watu watatu.

Leo ni Ijumaa.