Waya Chini ya Kochi

Hadithi hii mimi nilipewa na Bi Godoro, yule mshona magodoro tuliyepakana naye ukuta, na yeye hakuisikia kwa mtu. Alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Kila akifika hapo kwenye kichwa chake alicheka, halafu alinyamaza ghafla, na akinyamaza ndipo unajua hadithi yenyewe inaanza.

Basi. Palikuwa na msusi, na mumewe fundi rangi, wale wanaopaka nyumba za watu, na binti yao mmoja, mdogo bado, hata meno ya mbele hajang'oa. Ana alama nyeusi shavuni, ndiyo maana wakamwita Kidoti. Msusi alikuwa anasukia watu barazani, mlango wa sebule uko nyuma yake, una pazia. Mchana mmoja yuko kazini, kichwa cha Bi Godoro mikononi mwake, akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Harufu hiyo msusi anaijua kama jina lake, maana akimaliza kusuka huchoma ncha kwa moto. Akaangalia mikono yake. Kiberiti hajakigusa. Akageuza shingo, akakuta harufu inatoka nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia yuko mtoto peke yake.

Ila ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana jambo hili lilianzia dukani.

Kidoti aliona kwa jirani mchezo wa bata wanaovuka barabara, unawaongoza wasikanyagwe. Toka siku hiyo akila ni bata, akiogeshwa ni bata. Mama yake akajibana, akajinyima, mpaka siku wakafunga safari wote watatu kwenda kununua kompyuta.

Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akauliza, "Mnataka ya kazi gani?"

"Ya huyu," msusi akasema, mkono kichwani kwa mtoto. "Ndiyo mara yake ya kwanza kucheza."

"Na mwenyewe anataka kucheza nini?"

"Bata," Kidoti akasema.

Muuzaji akashusha kompyuta ndogo ya kukunja. "Hii inamtosha na kubaki. Vitufe laini, hata ikianguka haivunjiki upesi. Anayeanza hahitaji zaidi ya hapa."

Fundi rangi hakuwa anasikiliza. Macho yameganda rafu ya juu, kwenye likompyuta lenye kasha la kioo ubavuni, mapanga ya feni yanazunguka ndani kwa taa nyekundu. "Ile pale je? Inachezesha magari?"

"Ile, bosi, inachezesha chochote. Lakini kwa bata..."

"Mtoto anakua."

"Anakua, ndiyo. Ila hawezi kukua mpaka kufika pale mwaka huu."

Msusi akamvuta mumewe shati. "Baba Kidoti, ni ya mtoto."

"Nani kasema si ya mtoto? Wewe shika nywele, mashine niachie mimi."

"Mashine uachiwe wewe tangu lini? Pasi tu ilikushinda, mpaka leo tunakunja nguo tunazikalia."

Muuzaji akageuka akajifanya anapanga nyaya, mabega yanamcheza. Na fundi rangi akishachekwa, habari imekwisha hapo. Walirudi nyumbani na lile likubwa, Kidoti analipapasa boksi njia nzima akilisemesha, "Bata wangu, msiogope, tunafika."

Bata hakuwekewa. Baba aliweka magari ya mashindano. Akitoka kazini, hata kucha hajanawa rangi, anafunga mapazia eti jua linaharibu picha, sebule inakuwa giza mchana kweupe, anakaa kwenye kochi na pedi yake, yale madude ya kushika mikono miwili yenye vitufe vya kubonyeza. Mtoto anamlilia, "Na mimi, baba. Na mimi." Siku moja alipochoka kuliliwa, akampa pedi ya pili. Waya wake hakuuchomeka. Aliupitisha chini ya kochi, akausukuma kule gizani ukutani, akasema, "Imechomekwa kule nyuma. Wewe ndiye gari la njano."

Gari la njano lilikuwa linaendeshwa na mashine yenyewe. Lakini Kidoti akabonyeza mpaka vidole gumba vikawa vyekundu. "Baba, nimepita kona."

"Umepita, mama, umepita," baba anajibu, macho mbele.

Msusi aligundua akifagia. Ufagio ulimtolea ncha ya waya, tupu, imeshika vumbi. Akamfuata mumewe jikoni.

"Mbona waya wa mtoto hauendi popote?"

"Shh. Punguza sauti. Anafurahi."

"Anafurahia uongo."

"Nikimchomekea ananiharibia mbio zote. Mtoto yule, atajuaje?"

Msusi akarudi sebuleni, akauangalia ule waya, akaurudisha chini ya kochi pale pale alipoutoa. Alikuwa amechoka, na nyumba ilikuwa na utulivu siku hizo. Bi Godoro akifika hapa alikuwa anatema mate pembeni.

Sasa gari la njano. Kwanza lilianza kushinda. Fundi rangi akalaumu mashine, akalaumu umeme, akamlaumu muuzaji. Halafu siku moja, katikati ya mbio, Kidoti akasema, "Nageuka," na gari la njano likageuka. Likaacha wenzake, likarudi njia ilikotoka, polepole, mpaka likasimama katikati ya barabara, limewatazama, taa zake usoni kwao. Fundi rangi akazima. Akasema limeharibika. Jasho lilikuwa linamtoka, na mkewe alipouliza hakumwambia kwa nini. Alimwambia ana homa.

Ndiyo tunarudi siku ile ya harufu. Baba yuko kazini. Umeme umekatika mtaa mzima, hata redio ya kinyozi wa ng'ambo imenyamaza. Msusi akatulia na uzi wa nywele mkononi, na katika ule ukimya akasikia vitufe. Ta, ta, ta. Kidoti huyo. Halafu kutoka chini, kama ndani ya sakafu, vitufe vingine vikajibu, taratibu, vikubwa. Ta. Ta. Ta.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Sijasikia kitu," Bi Godoro akajibu, "na wewe hujasikia. Nisuke niende."

Msusi alifunua pazia. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Kidoti amekaa sakafuni mbele ya kochi, anatabasamu, pedi mikononi, na waya, ule uliokuwa siku zote umelala kama kamba ya kuanikia kanga iliyoanguka, umenyooka, umekazwa, umeingia chini ya kochi umetulia tuli kama kuna mtu ameushika asitake kuuachia.

"Unacheza na nani, mama?"

"Na mwenzangu."

"Yuko wapi?"

"Kashika huku kwingine." Mtoto akashusha sauti, kama anayempa mama yake siri ya mtu mzima. "Baba alisema imechomekwa. Haikuchomekwa, mama. Mimi niliangalia zamani. Nikasema chini ya kochi, nani atanishikia? Huyu akashika."

Msusi akautia mkono ule waya, auvute. Ukavutwa upande wa pili, bila nguvu, bila hasira, kama mtu anayevuta shuka usingizini. Na harufu ikamjia usoni, nywele zinaungua, nyingi, kichwa kizima.

Toka hapo pedi haikutoka mikononi mwa Kidoti. Vidole vilikuwa vya baridi, vimekaza, huvibandui. Analishwa kinywani, anaoshwa na pedi yake, na gumba linabonyeza hata akilala. Na kibaya kuliko vyote, waya ulikuwa unafupika. Jana alikaa katikati ya sebule, leo yuko karibu na meza, kesho mgongo umegusa kochi, na mama yake kila akimvuta kumrudisha mtoto analia kwa maumivu, anasema, "Usinivute, mama, na yeye ananivuta, mtanichana."

Fundi rangi akalisogeza kochi. Nyuma yake palikuwa na ukuta aliopaka kwa mkono wake mwenyewe, hauna tundu hata la sisimizi, na waya umeingia humo ndani ya saruji kama mzizi. Akaleta mkasi wa kukatia bati, akaukata ule waya. Kidoti akafungua kinywa kulia na sauti isitoke, damu ikatoka puani, na walipoinama kumfuta na kuinuka, waya ulikuwa mzima, tena mfupi kuliko ulivyokuwa.

Ndipo wakamwita mganga. Mwanamke mnene, ana mafua, leso haitoki puani. Bi Godoro ndiye aliyemleta, na kichwa chake bado nusu hakijasukwa, maana nani angemsuka?

"Sisikii harufu," mganga akasema kwa pua iliyoziba. "Niambieni inanukaje."

"Nywele zinaungua."

Mganga akaacha kupenga, maana harufu hiyo ndiyo inayowatambulisha wakaao ukutani. Akakaa chini karibu na mtoto, ambaye sasa mikono yake ilikuwa imebanwa ukutani kabisa, pedi inagusa rangi. "Kidoti, mjukuu wangu, muulize mwenzako kaingiaje nyumba ya watu."

Mtoto akaegemeza sikio ukutani. "Anasema hajaingia. Kapewa."

"Na nani?"

"Baba."

Msusi akamgeukia mumewe. Fundi rangi akaangalia kucha zake.

"Anasema," Kidoti akaendelea, sauti ndogo, ya upole, "baba alimsukumia kamba gizani, akaniambia mimi upande wa pili kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Alikaa sana akingoja labda mtu atakuja. Hakuja, ndipo akashika."

Mganga akavuta pumzi. Akawaambia wakubwa, chini chini, "Huyu hakuiba, na asiyeiba simnyang'anyi, akishika hivi anaondoka na mkono. Mtoto aachie mwenyewe. Ataachia akiambiwa la kweli na aliyemdanganya. Harakisheni, vidole vinaingia."

Na kweli, ncha za vidole zilikuwa zimeanza kuzama kwenye rangi, rangi inakunjamana kuvizunguka kama utando wa maziwa.

Fundi rangi akapiga magoti. Alikuwa analia, wanangu, msidhani alikuwa hampendi. "Kidoti, mwanangu, achia. Nitacheza na wewe kila siku. Nitakununulia ile ndogo."

Kidoti akasikiliza ukutani, muda mrefu. "Anasema atakuja lini mtu wa kucheza." Kisha akamwangalia baba yake, macho makavu. "Baba. Siku ile uliichomeka?"

Mkewe anamtazama, mganga anamtazama, Bi Godoro na nusu kichwa chake anamtazama, na pale mlangoni majirani wamejaa wakitazama, na yeye mtu mzima, fundi anayeheshimika, alichotakiwa kusema ni neno moja. Akafungua kinywa, na kinywa kikatoa kile kilichozoea kutoa.

"Niliichomeka, mwanangu. Itakuwa ilichomoka yenyewe."

Ukuta ukavuta. Mikono ya mtoto ikaingia mpaka viganjani, na kutoka ndani ya saruji ikasikika sauti ya vitufe, si viwili wala vitatu, vingi, kama mvua inayoanza juu ya bati, na harufu ikajaa mpaka mganga mwenye mafua akaisikia akaziba pua, na mtoto akaanza kutabasamu lile tabasamu lake la mchana ule, anawatazama wote kama mtu aliyepanda gari linaondoka, na hapo msusi akajitupa sakafuni, akamshika mashavu kwa viganja vyake viwili akamgeuza uso.

"Haikuchomekwa," akasema. "Haikuchomekwa hata siku moja. Mimi nilijua. Niliuona waya nikaurudisha, nikanyamaza. Nilikudanganya na mimi."

Kidoti akamtazama sana. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Haya," mtoto akasema, kama mtu aliyekuwa anangoja jibu dogo tu. Vidole vikaachia. Pedi na waya vikazama ukutani kwa sauti ya kumeza, rangi ikajifunga juu yao, laini, na harufu ikakatika.

Mikono ilirudi mizima, ila vidole gumba havikukunjika tena. Msusi akamchukua mtoto wake wakahamia chumba cha kupanga. Fundi rangi alibaki na likompyuta lake mpaka akaliuza, na hela hiyo akanunua ile ndogo ya kukunja, na bata humo ndani. Akaipeleka mwenyewe. Alisimama mlangoni kwao ameishika kwa mikono miwili, amevaa shati la kutokea.

Kidoti alimwamkia vizuri. Alisema, "Asante, baba," kwa adabu, kama unavyomwambia mgeni aliyekuletea matunda. Akaipokea, akaiweka juu ya kabati, akarudi kukaa karibu na kiti cha mama yake kumshikia vitana. Baba akakaa kidogo. Akauliza, "Hutaki tucheze?"

"Siku nyingine, baba," Kidoti akasema.

Alikuwa anakuja mara kwa mara, na jibu lilikuwa hilo hilo, halina hasira hata chembe. Alizeeka analipokea. Bi Godoro alisema hajawahi kuona mtu anapigwa kwa upole namna ile.

Na kuhusu yule mwenzake wa ukutani, mtaniuliza alikwenda wapi. Yule hakwenda popote. Ile nyumba ilipangishwa watu wengine, wana watoto.

Haya, midomo ifungwe, taa inazimwa. Wewe mdogo sogea huku kwangu, usilale upande wa ukuta. Laleni.